Maswali ya Wasomaji: Tanuru Limejifunga, Je, Nilizime na Kuliwasha Upya?

Tangu baridi ilipoanza kukaza, barua nyingi zinazotufikia kutoka kwa wasomaji wetu wa Marekani zinahusu chombo ambacho wengi wetu hatukukijua tulikotoka: tanuru la kupashia nyumba nzima joto, ambalo wengine huliita fanesi na wengine hita. Kwa kuwa maswali yanafanana, nimechagua matano na kuyajibu pamoja. Ningeomba kila msomaji asome jibu la kwanza hata kama swali si lake, maana humo ndimo nilimoeleza namna tanuru la gesi linavyofanya kazi, na majibu ya tatu na ya nne yanategemea maelezo hayo.

Swali kutoka Saint Paul, Minnesota

Ndugu Fundi, tanuru letu la gesi liko besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba. Theluji ilianguka usiku kucha, na alfajiri tuliamka nyumba ikiwa baridi kama friji. Shemeji yangu alizima breka ya tanuru, akaiwasha, na kweli likaanza kunguruma, lakini baada ya dakika chache likanyamaza. Ameshafanya hivyo mara nne. Mimi nikisikiliza nasikia feni ndogo ikizunguka, ila moto hauwaki. Kwenye kidirisha cha mlango wa tanuru kuna taa inayopepesa mara tatu, inatulia, kisha inapepesa tena mara tatu. Je, tuendelee kulizima na kuliwasha? — Mama wa watoto watatu

Jibu

Hapana, dada, msiendelee. Kulizima tanuru na kuliwasha upya mara moja si kosa, kwa sababu huenda umeme uliyumba na bodi yake, yaani ubao wa umeme unaoliongoza, ikachanganyikiwa. Lakini likijifunga mara ya pili kwa dalili ileile, ujue kuna jambo limelizuia, na breka haiwezi kuliondoa. Tena kuna hasara nyingine: bodi za baadhi ya matanuru hupoteza kumbukumbu ya hitilafu pindi umeme unapokatwa, kwa hiyo anayekimbilia breka huenda anafuta ushahidi ambao fundi angeuhitaji. Wewe umefanya vyema kuhesabu mipepeso ya taa kupitia kidirisha. Kidirisha hicho kimewekwa kwa makusudi, kwa kuwa nyuma ya mlango kuna swichi inayokata umeme mara tu mlango unapofunguliwa, na taa nayo huzimika. Soma kwanza, andika, ndipo ufungue.

Ukishafungua, tazama upande wa ndani wa mlango. Takriban kila tanuru la kisasa limebandikwa karatasi inayoeleza maana ya mipepeso hiyo, na hiyo ndiyo ya kuaminiwa kuliko maelezo ya jirani, kwa sababu kila kiwanda kina misimbo yake. Katika matanuru mengi ya Goodman, mipepeso mitatu humaanisha kwamba swichi ya shinikizo haikujifunga. Katika matanuru mengi ya Carrier hitilafu hiyohiyo huonyeshwa kwa msimbo 31, yaani mipepeso mifupi mitatu ikifuatwa na mmoja mrefu. Ukilitafsiri tanuru la kiwanda kimoja kwa kitabu cha kiwanda kingine, utanunua kifaa usichokihitaji.

Sasa tuone swichi hiyo inafanya nini. Themostati ya sebuleni, yaani kile kifaa cha ukutani cha kupangia joto, inapotaka joto hupeleka umeme mdogo wa volti 24 kwenye bodi ya tanuru. Bodi haifungulii gesi papo hapo. Huanza kwa kuzungusha ile feni ndogo uliyoisikia, ambayo kazi yake ni kuvuta moshi kutoka kwenye tanuru na kuutoa nje ya nyumba. Feni ikivuta vizuri, swichi ya shinikizo hulihisi vuto hilo kupitia mpira mwembamba, nayo hujifunga na kuijulisha bodi kwamba njia ya moshi iko wazi. Hapo ndipo kiwashio hupata moto hadi kuwa chekundu, vali ya gesi hufunguka, mwali huwaka, na baada ya nusu dakika au dakika moja hivi feni kubwa huanza kusukuma hewa ya moto vyumbani. Tanuru lenu linaishia kwenye hatua ya pili: feni inazunguka, lakini swichi haijaridhika.

Kwa kuwa umetaja theluji, ningeanzia nje ya nyumba. Matanuru ya kisasa yanayotumia gesi kwa ufanisi wa asilimia 90 na zaidi hutoa moshi wao kwa mabomba ya plastiki yanayopenya ukutani, mara nyingi mawili, moja la kuvutia hewa na jingine la kutolea moshi. Theluji ikirundikana ukutani, au upepo ukiisukuma humo, mabomba huziba na tanuru hukosa pumzi. Vaa glavu uifukue kwa mkono, polepole, bila kuyapiga mabomba kwa sepetu. Kama midomo yake iko karibu na ardhi kiasi kwamba kila theluji huifunika, mwulize fundi namna ya kuyainua, maana desturi ya ufungaji ni midomo hiyo ikae walau inchi 12 juu ya kimo cha theluji kinachotarajiwa mahali hapo.

Ukikuta mabomba yako wazi, tazama maji. Tanuru la aina hii hupoza moshi wake hadi mvuke ugeuke maji, na maji hayo hutoka kwa mpira mdogo hadi kwenye shimo la sakafuni au pampu. Mpira ukiziba uchafu, au ukipita mahali pasipo joto na kuganda, maji hurudi ndani ya tanuru, na swichi hukataa kujifunga vilevile. Mpira uliojikunja unaweza kuunyoosha, na pampu iliyochomoka kwenye soketi unaweza kuichomeka mwenyewe. Zaidi ya hapo mwite fundi.

Usimruhusu mtu yeyote, hata awe shemeji mwenye nia njema, aziunge nyaya mbili za swichi hiyo pamoja ili tanuru liwake. Huko nyumbani tumezoea kuona fundi wa mtaani akikuta swichi mbovu anaunga dairekti, na pasi au feni inaendelea na kazi. Hapa atakuwa ameliambia tanuru kwamba njia ya moshi iko wazi ilhali imeziba, na hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, itabaki ndani mkiwa mmelala.

Baada ya kuondoa theluji, ndipo lizimwe na kuwashwa upya kwa utaratibu: zima kwanza themostati, kisha zima swichi ya umeme iliyo ubavuni mwa tanuru, subiri dakika moja, hakikisha mlango wake umekaa sawasawa, rudisha umeme, na mwisho weka themostati kwenye joto. Lipe dakika tano bila kuligusa. Likikataa, andika mipepeso na upige simu.

Swali kutoka Lewiston, Maine

Papa Fundi, salamu. Nyumba tuliyonunua inatumia mafuta, si gesi. Kwenye tanuru kuna kitufe chekundu. Juzi lilizima, nikakibonyeza, likawaka sekunde chache likazima tena. Nimekibonyeza labda mara sita. Rafiki yangu ananiambia niendelee tu, eti mwisho litashika. Ana haki? — Baba wa familia

Jibu

Ndugu yangu, rafiki yako anakuelekeza kwenye hatari. Kitufe hicho hubonyezwa mara moja tu. Wakati tanuru la mafuta linapoanza, pampu hunyunyiza mafuta ndani ya chumba cha moto, cheche huyawasha, na jicho dogo la umeme hutazama kama mwali umetokea. Lisipouona ndani ya sekunde chache, kwa kawaida kati ya 15 na 45 kutegemea aina, hukata kila kitu na kitufe huruka. Kila unapokibonyeza tena unanyunyiza mafuta mengine juu ya yale yasiyoungua. Siku moto utakaposhika, yote yataungua kwa mkupuo: kwa bahati nzuri utapata nyumba iliyojaa masizi mpaka kwenye mapazia, na kwa bahati mbaya mlango wa tanuru utafyatuka. Kwa kuwa umeshabonyeza mara sita, usiguse tena, na umwambie fundi hesabu hiyo kwa ukweli bila kuona haya, kwa sababu atalazimika kwanza kuondoa mafuta yaliyotuama kabla ya kuliwasha.

Ukimsubiri, tazama kipimo kilicho juu ya tangi. Wageni wengi wa Maine, jimbo ambalo nyumba nyingi bado zinapashwa joto kwa mafuta, hugundua kwamba tatizo ni tangi tupu tu, maana hakuna bomba la mji linaloyaleta. Ni juu yako kuyaagiza kabla hayajaisha. Likikauka kabisa, hewa huingia kwenye mrija, na hata baada ya kujaza, fundi hana budi kuitoa hewa hiyo. Usiku wa dharura, dizeli ya kituo cha mafuta inaweza kumiminwa tangini kwa galoni chache, kwa kuwa inafanana sana na mafuta ya kupashia joto. Petroli ni mwiko. Na kama tangi lako liko nje, uliza muuzaji kuhusu mafuta ya taa au mchanganyiko wake, kwa sababu mafuta ya kawaida huwa mazito baridi ikizidi na hushindwa kupita kwenye filta.

Kuna jambo dogo ambalo limewaaibisha wengi, mimi nikiwemo: nyumba za huko huwa na swichi ya dharura yenye kifuniko chekundu, mara nyingi juu ya ngazi za besimenti, na mtoto au mgeni huizima akidhani ni ya taa. Siku nyingine tanuru likinyamaza, anza na swichi hiyo.

Swali kutoka Des Moines, Iowa

Mhariri, tanuru letu la gesi linawaka vizuri, moto wa buluu unaonekana, lakini baada ya sekunde kama tano unazimika. Linajaribu tena na tena, kisha linaacha. Baada ya saa kadhaa linaanza lenyewe, linafanya hivyohivyo. Fundi mmoja ametuambia bodi imekufa na tununue mpya. Tumwamini? — Mke na mume

Jibu

Simjui fundi wenu, na sijaliona tanuru, kwa hiyo sitamhukumu. Lakini dalili mlizozieleza ndizo zile ambazo mwenye uzoefu huanza nazo kwenye kijiti kidogo cha chuma kabla ya kutaja bodi.

Kijiti hicho ni kihisi cha mwali. Kimekaa ndani ya moto wa kichomeo cha mwisho, mkabala na kile chenye kiwashio, na bodi hukipelekea umeme wa kwenda na kurudi. Mwali, kwa kuwa una chembe zenye chaji, huupitisha umeme huo kwa wepesi upande mmoja kuliko mwingine, na bodi hupokea mkondo wa kwenda upande mmoja tu, wa mikroampea chache, yaani sehemu chache za milioni moja ya ampea. Mkondo huo mdogo ndio ushahidi wa pekee ilio nao bodi kwamba gesi inayotoka inaungua. Kijiti kikivaa utando wa uchafu, mkondo hupungua, bodi hudhani hakuna moto na hufunga gesi hata kama ninyi mnauona moto kwa macho yenu. Katika matanuru mengi ya Carrier msimbo wake ni 34, na majaribio yakishindikana mfululizo hugeuka 14, ambao hujifungua wenyewe baada ya saa tatu. Hiyo ndiyo sababu lenu linaanza lenyewe; halijapona, limemaliza muda wa kifungo.

Kusafisha kihisi ni kazi ndogo kwa aliyezoea kushika bisibisi. Umeme uzimwe kwenye swichi na vali ya gesi ifungwe; kihisi hushikiliwa na skrubu moja, na waya wake huchomoka kwa kuvutwa taratibu. Kisuguliwe kwa nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria, zile zisizo na sabuni, kisha kipanguswe kwa kitambaa kikavu. Msasa mkali uwekwe kando, kwa kuwa huacha mikwaruzo inayoshika uchafu upesi zaidi. Wala msiguse kiwashio: ni chombo cha kuvunjika kama kauri, na mafuta ya vidole yanaweza kukipasua kikipata moto.

Msipojiamini, mwombeni fundi apime mkondo wa kihisi kwa mita mbele yenu kabla na baada ya kukisafisha. Ni kipimo cha dakika chache, na fundi anayekikataa huku akisisitiza kuuza bodi amejieleza mwenyewe. Mkondo ukiwa mzuri na tanuru bado linazima, hapo neno lake kuhusu bodi, au kuhusu waya wa ardhi uliolegea, litakuwa na uzito.

Swali kutoka Grand Rapids, Michigan

Fundi, hewa ya moto inatoka dakika chache, kisha inakuwa ya baridi lakini feni haisimami. Baadaye moto unarudi. Taa inaonyesha 33. — Msomaji wa kila mwezi

Jibu

Tanuru lako linapata joto kupita kiasi, na swichi ya kikomo inakata moto huku feni ikiachwa izunguke ili kulipoza. Filta ndiyo ya kwanza kushukiwa. Itoe uiangalie kwenye mwanga; usipoona mwanga upande wa pili, inunuliwe mpya leo hii. Filta ya unene wa inchi moja hubadilishwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na mshale wake uelekee kwenye tanuru. Kisha zunguka vyumbani. Nimeingia katika nyumba za ndugu zetu nikakuta mazulia mazuri yametandikwa juu ya matundu ya hewa sakafuni, makochi yamesukumwa hadi ukutani, na vyumba visivyolaliwa vimefungwa matundu yake ili kuokoa gesi. Kufunga matundu mengi hakuokoi. Hewa hukosa pa kutokea na joto hurudi kulisonga tanuru.

Lakini zingatia kwamba msimbo 33, kama ulivyo katika matanuru mengi ya Carrier, unaitaja sakiti nzima, yaani njia nzima ya umeme, haukitaji kifaa kimoja. Kwenye sakiti hiyohiyo imo swichi nyingine, ile inayohisi mwali unapotoka nje ya sehemu yake, na katika matanuru mengi swichi hiyo ina kitufe kidogo karibu na vichomeo. Kitufe hicho kikiwa kimeruka, usikirudishe. Mwali hautoki nje bila sababu. Mara nyingi njia ya moshi imeziba au chuma cha ndani kinachotenganisha moshi na hewa ya vyumbani kimepasuka, na la pili likithibitishwa tanuru hilo halifai kuwashwa tena. Kwa kuwa lako hurudi kuwaka lenyewe, yaelekea ni kikomo cha joto, ila umtajie fundi yote mawili.

Swali kutoka Minneapolis, Minnesota

Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni mpangaji. Tanuru limezima siku ya pili, msimamizi wa nyumba anasema nilibonyeze mwenyewe. Kwa sasa tunawasha oveni ya gesi na kuacha mlango wake wazi. Nifanye nini? — Kijana wa chuo

Jibu

Marahaba, kijana wangu. Zima oveni sasa hivi, ndipo uendelee kusoma. Tumesikia mara nyingi habari za familia huko nyumbani zilizolala na jiko la makaa chumbani wakati wa kipupwe na hazikuamka. Oveni iliyoachwa wazi kwa saa nyingi inaweza kutoa hewa ileile ya kaboni monoksidi. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksidi kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, kwa hiyo kitafute chenu na ubonyeze kitufe chake cha majaribio. Kikilia chenyewe, au ukisikia harufu ya gesi kama ya yai bovu, tokeni wote nje bila kugusa swichi yoyote, kisha piga 911 mkiwa huko.

Kuhusu tanuru, lililo halali yako kugusa ni betri za themostati, swichi yake ikae upande wa joto, breka, na swichi ya ubavuni mwa tanuru. Mengine ni ya mwenye nyumba. Tangu 2024 sheria ya jimbo hilo inamtaka aiweke nyumba katika joto lisilopungua nyuzi 68 za Fahrenheit, sawa na 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, na katika mji wako malalamiko ya nyumba isiyo na joto hupokelewa kwa simu namba 311.

Kabla ya kupiga simu hiyo, shuka besimenti na simu yako, uirekodi video ya taa inayopepesa kwa dakika moja nzima, kisha geuza kamera uonyeshe themostati inasoma joto kiasi gani, na umtumie msimamizi kwa maandishi. Atakapomleta fundi, mwonyeshe video hiyo kabla hajagusa swichi.